Fulana nyeupe za shemeji, gauni lako jekundu

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Baada ya wiki tatu tutapiga picha ya familia. Tuko saba: mimi, mume wangu, watoto watatu (miaka 14, 9 na 2), mama mkwe na mdogo wangu wa kike. Tutapigia nje, bustani yenye majani mengi, kuanzia saa kumi na moja jioni. Mume wangu anataka wote tuvae fulana nyeupe na jinzi, ameziona picha za namna hiyo zikampendeza. Mimi nina gauni jekundu ambalo nalipenda mno. Mimi ni mweusi, mume wangu ni maji ya kunde, watoto wamegawana. Mama mkwe amesema atavaa anachotaka. Nani yuko sahihi, na kila mtu avae nini?"

Dada yangu, aliye sahihi ni mama mkwe. Sisemi hivyo kwa kumwogopa. Nitarudi kwake baadaye, maana nguo yake ndiyo itakayotupa rangi za picha nzima. Kwanza tumalizane na shemeji.

Wateja wangu wengi huchagua nguo za picha kana kwamba kamera ni mgeni aliyekuja kukagua kabati. Kamera haioni nguo. Inaona mwanga uliogonga nguo ukarudi. Na nguo imekaa wapi? Chini kidogo ya kidevu, karibu na uso kuliko taa yoyote ambayo mpiga picha anaweza kuisogeza. Sisi hubeba vitambaa vyeupe au vya rangi ya fedha vilivyowambwa kwenye duara ili kurudishia mwanga usoni mwa mtu, na shati lako hufanya kazi hiyohiyo upende usipende. Jeupe hurusha mwanga chini ya kidevu. Jeusi huunyonya, taya na shingo vikabaki na kivuli. La kijani kinachong'aa hurusha ukijani. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilipiga ndugu watano waliovaa fulana za kijani cha ndimu, wamekaa juu ya nyasi, jua la mchana limewaka. Kwenye kioo kidogo cha kamera sikuona kitu. Kwenye kompyuta nilikuta videvu vitano vya watu wanaoumwa, na kuviponya mmojammoja kulinichukua siku mbili ambazo hakuna aliyenilipa. Tangu hapo, mtu akiniuliza avae nini, mimi hujiuliza kwanza: nguo hii itaurushia uso wake nini?

Sasa fulana nyeupe. Tusimnyime shemeji haki yake. Zinaangaza uso kutoka chini, zinalainisha weusi wa chini ya macho, na watu saba hawagombani kwa rangi. Ila jicho la mtu likipewa picha hukimbilia mahali penye mwanga mkali kuliko kwingine, na mahali weupe na weusi vinapokutana ghafla. Wavishe watu saba fulana nyeupe mbele ya majani mabichi, na mtazamaji ataona vifua saba kabla hajaona uso hata mmoja. Kisha jinzi inamkata kila mtu kiunoni: juu weupe, chini giza, mstari mmoja umepita katikati ya familia.

Kuna la pili, na hili linakugusa wewe na ngozi yako. Kitambaa cheupe safi hurudisha asilimia 80 na zaidi ya mwanga unaokiangukia. Ngozi nyeusi hurudisha sehemu ndogo tu ya mwanga huo. Kamera inatakiwa ibebe vyote viwili kwa mbofyo mmoja. Kipima mwanga kilichomo ndani yake kimezoezwa kudhani kwamba ukiikoroga dunia yote pamoja utapata kijivu cha kati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Kikikutana na weupe mwingi kinaona mwanga umezidi, kinaupunguza. Fulana zinatoka safi na mishono yake yote, wewe unabaki macho na meno. Mpiga picha akiongeza mwanga ili uso wako uonekane, fulana zinaungua, kama tunavyosema kazini: weupe mtupu, hakuna mkunjo wala mshono, na pengine paji la uso la shemeji nalo limeondoka humo humo.

Kamera za sasa hutambua nyuso, na mpiga picha anayeijua kazi atalimudu jambo hili. Lakini halikuanza leo. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha zilipima rangi zake kwa kadi za kampuni ya filamu ya Kodak zilizozoeleka kuitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine iko sawa. Mweusi aliyevaa nyeupe siku hizo alitoka kama kivuli chenye shati, akaondoka akiamini kasoro ni yake. Mpaka leo napokea wateja wanaoniambia, "Mimi picha hazinipendi." Nikiwauliza walivaa nini siku ile, mara nyingi jibu ni nyeupe.

Na usidhani mtapata nyeupe moja. Sabuni nyingi za unga, na viwanda vya nguo pia, huweka vikolezo vya weupe vinavyopokea miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, na kuitoa kama mwanga wa buluu. Fulana mpya itatoka na ubuluu, iliyofuliwa mara hamsini itatoka na umanjano, na zikisimama bega kwa bega ya zamani itaonekana chafu hata kama imefuliwa asubuhi hiyo. Nyumbani hutaliona. Kwenye picha hutaacha kuliona.

Shemeji akiutaka weupe wake, aupate kwa krimu au rangi ya maziwa, na awe yeye peke yake, labda na mtoto mmoja. Shati la krimu la kitani au pamba, mikono imekunjwa mpaka chini ya kiwiko, na jinzi yake ya buluu iliyokolea isiyo na matobo. Atapendeza, na atajiona ameshinda.

Tuje kwa gauni jekundu, na hapa najua nakanyaga pabaya. Wekundu ni rangi ngumu kuliko zote kwa kamera ya dijitali, na sababu iko ndani ya kamera yenyewe. Kihisi cha kamera nyingi, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, kimefunikwa na chujio la rangi lililobuniwa na Bryce Bayer, mhandisi wa Kodak, ambalo hataza yake (hati ya kulinda uvumbuzi) ilitolewa mwaka 1976. Katika chujio hilo nusu ya pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, huona kijani, robo huona buluu, na robo tu huona nyekundu. Kwa hiyo mikunjo ya gauni jekundu inaandikwa na robo ya kihisi, wakati robo tatu nyingine hazina la kusema. Saa kumi na moja jioni jua limeshuka, mwanga umekuwa wa dhahabu, maana yake wekundu umeongezwa juu ya wekundu. Ile robo inajaa mpaka pomoni na kumwagika. Gauni ulilolinunua kwa ajili ya mapindo yake linatoka bapa, kama umekatiwa karatasi ya rangi ukabandikwa. Picha ikipita WhatsApp na kubanwa ndiyo inazidi, maana kubana picha huanza kwa kupunguza taarifa za rangi, na kingo za nyekundu huchafuka mapema.

Halafu nyuma yenu ni majani. Nyekundu juu ya kijani ni ugomvi mkubwa kuliko wowote ambao rangi mbili zinaweza kuwa nao. Ndiyo maana tunda jekundu huonekana mbali juu ya mti. Ukilivaa katikati ya watu saba picha ni yako, wengine wamekusindikiza. Na yule wa miaka miwili utakayempakata atarushiwa wekundu wa kifua chako shavuni. Kama moyo hauachi, kuna damu ya mzee, kuna rangi ya matofali: zimetulia, zinabaki na mikunjo yake, na kwa ngozi nyeusi kwenye mwanga wa jioni sijaona nyingi zinazozishinda.

Jambo la pembeni kidogo, lakini linanifurahisha. Karne ya 19 mambo yalikuwa kinyume. Sahani za picha za wakati ule, zilizotangulia filamu, ziliihisi sana buluu na hazikuihisi kabisa nyekundu, kwa hiyo gauni jekundu lilitoka jeusi tii na la samawati likatoka karibu jeupe. Vitabu vya ufundi vya siku hizo viliwafundisha wapiga picha wamwambie mteja rangi za kuvaa kabla hajatoka kwake. Kwa hiyo swali lako ni la zamani sana, ni majibu tu yanayobadilika kila kifaa kinapobadilika.

Sasa mama mkwe. Katika kila kundi kuna mtu mmoja ambaye nguo yake haijadiliwi, ama kwa umri, ama kwa umbo, ama kwa sababu ana nguo moja tu anayojisikia vizuri ndani yake. Makosa ninayoyaona kila mara ni kumwacha huyo mwisho: watu wanachagua rangi zao, wananunua, halafu mama anatokea na zambarau yake na mpango wote unavunjika, au anavalishwa kwa nguvu na kwenye picha anaonekana mtu aliyevalishwa kwa nguvu. Anzeni na yeye. Muulize kwa upole ameiwazia nguo gani, kisha ipige picha kwa simu mchana, karibu na dirisha, taa za ndani zimezimwa. Usiiamini taa ya chumbani. Vitambaa viwili vinavyolingana kabisa chini ya balbu vinaweza kuachana nje, kwa sababu kila rangi ya kutiwa hupokea kila aina ya mwanga kwa namna yake.

Tuseme ni gauni la maua ya buluu bahari, kahawia na krimu. Basi kazi imekwisha. Yeye peke yake avae maua. Ninyi sita mtagawana rangi zilizomo kwenye maua yake. Shemeji krimu na jinzi. Mdogo wako buluu bahari. Wewe damu ya mzee, ambayo ni jirani wa kahawia. Kijana wa miaka 14 mpe mashati mawili uliyoyakubali tayari na umwache achague mwenyewe. Kijana aliyepangiwa kila kitu huonyesha hivyo usoni, na uso huo hauna nguo inayoweza kuuokoa. Wa miaka tisa asivae maandishi wala katuni kifuani, kwa kuwa kila atakayeitazama picha atasoma kwanza, hata wewe, hata baada ya miaka ishirini. Kama ni gauni la rangi moja, zambarau kwa mfano, tafuta rangi mbili zinazokaa nalo kwa amani, kijivu na krimu zinatosha, na moja kati ya ninyi awe na kitu kidogo cha zambarau ili mama asibaki kisiwa. Rangi tatu kwa jumla, nne mkizidi sana. Waliovaa rangi moja wasisimame pamoja.

Kijani? Kwenye bustani ya majani, hapana kwa kijani cha jani bichi. Mwili unamezwa na mandhari, kichwa kinabaki kinaelea. Kijani cha jani lililokauka kinafaa.

Nina jaribio moja nisiloliacha, na halihitaji utaalamu. Siku mbili tatu kabla, tandaza nguo zote saba kitandani kwa mpangilio ule mtakaosimama, viatu chini yake. Panda juu ya kigoda, piga picha kwa simu, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Rangi hudanganya, mwanga haudanganyi. Nguo itakayokurukia machoni katika picha hiyo isiyo na rangi ndiyo itakayowaibia wenzake siku yenyewe. Kama inayoruka ni ya mtoto mdogo, sawa, mwache aibe. Kama ni soksi za mdogo wako, badilisha soksi.

Kuhusu mistari na drafti. Umewahi kuona vyandarua viwili vikilaliana, yakatokea mawimbi ambayo hayamo katika chandarua chochote kati ya hivyo viwili? Ndivyo inavyotokea mistari myembamba ya shati inapokutana na vijimraba vya kihisi cha kamera: mawimbi, wakati mwingine yenye rangi za upinde wa mvua, yanatambaa kifuani. Kitaalamu yanaitwa moare. Mashati ya ofisini yenye mistari kama ya daftari, drafti ndogondogo, na nyavu laini za lesi ndizo zenye hatia zaidi. Mwandishi wa habari anayesoma taarifa kwenye televisheni hafungi tai ya mistari myembamba kwa sababu hiyohiyo. Moare likishakaa kwenye picha kulitoa ni kazi kubwa, na mara nyingi linabaki na alama. Mistari mipana, maua makubwa, drafti kubwa havina shida hiyo, ila mtu mmoja au wawili tu kati ya saba wavivae.

Vitambaa navyo vina siri zake. Satini na vinavyometameta huonyesha kila tumbo lililojaa na kila mshono wa nguo ya ndani, kwa kuwa mng'ao unakaa pale kitambaa kinapojaa na kukatika kinapoingia ndani. Nguo nyeusi nyepesi ambayo chumbani haionyeshi kitu inaweza kuwa chandarua flashi ikiwaka. Ijaribu kwa flashi ya simu kabla, umbali wa hatua mbili. Na nyeusi mbili za vitambaa tofauti zisikae mwili mmoja. Poliesta nyingi nyeusi hurudisha sana mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Leica walipotoa kamera yao ya M8 mwaka 2006 nguo nyeusi za nyuzi za kiwandani zilitoka zambarau, mpaka kampuni ikalazimika kuwapa wateja vichujio vya kuweka mbele ya lenzi. Kamera za leo zinaudhibiti mwanga huo vizuri zaidi, lakini suruali nyeusi ya poliesta na koti jeusi la pamba bado huachana: moja kahawia, moja buluu, hasa jua likiwa chini.

Ukubwa wa nguo una uzito kuliko rangi yake, na kama ningekuwa na nafasi ya kukuambia jambo moja tu kwa simu, lingekuwa hili. Kamera inakifanya kitu chenye unene kiwe bapa. Nguo pana ambayo ana kwa ana inaonekana imeanguka vizuri, kwenye picha ni umbo lote, tumbo na hewa pamoja. Inayobana nayo huonyesha kila mkunjo wa kuketi. Kila mmoja avae nguo zake nyumbani, mumpige mbele, ubavuni, na ameketi. Ameketi ndiyo muhimu, maana bustanini lazima wengine watakaa chini: shati linafumuka katikati ya vifungo, suruali inapanda na kuacha mguu mtupu juu ya soksi, gauni fupi linakuwa fupi zaidi. Na nyayo za viatu zitaonekana, zifuteni.

Haya mengine nayapitia haraka. Simu na funguo zitoke mifukoni, zinavimba pajani. Lenzi za miwani zinazojitia giza juani zitakuwa nyeusi nje hata jioni. Mwenye miwani ya pili isiyo ya hivyo aichukue. Soksi na mikanda ya sidiria iliyobana huacha alama kwenye ngozi kwa nusu saa au zaidi, kwa hiyo gauni la mabega wazi lisubiri. Mama mkwe akivaa ushungi au mtandio, ukingo wake usiingie mbele ya paji la uso, maana jua la ubavuni litaweka kivuli kwenye jicho moja. Hereni kubwa au mkufu mkubwa, si vyote viwili. Bendi ya nywele iliyosahaulika kwenye kifundo cha mkono nimeiona katika picha nzuri nyingi mno.

Pasi: pigeni pasi siku moja kabla, zibebeni nguo zikiwa zimetundikwa, mvalie huko huko kama mahali panaruhusu. Kitani hukunjika kabla hujafika kwenye gari, na mikunjo ya kiunoni iliyotokana na mkanda wa gari haiondoki kwa kupapasa. Mtoto wa miaka miwili avalishwe mwisho kabisa, mpiga picha akiwa ameshika kamera tayari, na awe na seti ya pili ya rangi ileile. Nguo yake iwe laini, aliyokwisha kuivaa angalau mara mbili. Lebo inayomkuna shingoni itawaharibia kuliko rangi yoyote niliyoitaja hapa.

Na gauni lako jekundu lisibaki kabatini. Liweke kwenye begi. Mkimaliza za familia, jua litakuwa limezama na mwanga utakuwa laini, umeelekea ubuluu, na wekundu hautamwagika tena. Mwombe mpiga picha dakika kumi, apunguze mwanga kidogo kuliko anavyofikiri, akupige peke yako na majani yale yale nyuma yako. Hapo ugomvi wa nyekundu na kijani utakuwa wa kwako, na hutakuwa unamwibia mtu.